Uyoga wa kwenye nyasi: jinsi ya kuutambua kwa hadubini na ufunguo, hatua kwa hatua

Kila mvua zikianza simu yangu inajaa picha. Kofia nyeupe imepigwa kwa juu, mara nyingi usiku na flashi, chini yake maneno mawili tu: "huu unaliwa?" Na mimi kila mwaka najibu vilevile, kwamba kwa picha ya kofia sijui, watu wananiona naringa. Siringi jamani. Uyoga mkubwa mweupe unaoota kwenye nyasi unaweza kuwa vitu vitano sita tofauti kabisa, vingine mboga safi, kimoja kitakufanya ulale chooni, na kuna ndugu zao wanaoua. Kwa juu wote ni mwavuli tu.

Shemeji yangu ndo alinifanya niandike haya. Aliokota uyoga kwenye uwanja wa mpira hapa mtaani, mikubwa kama sahani, akanipigia sufuria iko tayari jikoni. Nikamwambia shemeji, zima jiko kwanza, niletee mmoja. Akaleta, amenuna. Asubuhi yake tukafunua karatasi tukakuta vumbi la kijani. Nitarudi kwake huko mbele maana uyoga wake ndo mfano tutakaotumia.

Kabla hatujaenda popote: mwongozo huu ni wa kujua JINA, sio wa kujua chakula. Ukikosea jina kwenye daftari unafuta, ukikosea kwenye sufuria hufuti. Na yale ya "mdudu ameula kwa hiyo hauna sumu", "pika na kitunguu saumu ukigeuka rangi ni mbaya", "weka kijiko cha fedha", yote hayo achana nayo, hayapimi sumu yoyote. Konokono anakula vitu vinavyoua binadamu na anaendelea na safari zake.

Vitu utakavyohitaji

Shambani: kisu au kijiko cha kuchimbia, mifuko ya karatasi au magazeti ya zamani (nailoni hapana, uyoga unatoa jasho unaoza ndani ya masaa, na Tanzania mifuko yenyewe ilipigwa marufuku 2019 kwa hiyo hata kisingizio huna), penseli, rula, simu yenye kamera.

Nyumbani: karatasi nyeupe na nyeusi, bakuli la kufunikia, wembe mpya, sindano mbili, slaidi na vile vioo vyembamba vya kufunikia slaidi.

Hadubini: yenye lenzi ya 40 na ya 100 ya mafuta. Ya mtumba inatosha, yangu ni ya shule iliyokuwa inauza vitu vya maabara, kioo cha taa kimepasuka na bado inafanya kazi. Kitu cha lazima ni jicho lenye rula ndani, yaani kile kioo kidogo chenye mistari 100. Bila hiyo unaangalia tu, hupimi. Pia tafuta slaidi ya kusawazishia, ina milimita moja imegawanywa mara 100, kila kigawanyo ni maikroni 10. Ya kwako ikikosekana azima, unaitumia siku moja tu.

Dawa:
- Maji. Ndio, maji ni dawa ya kwanza.
- KOH (potasiamu hidroksidi) asilimia 3 hadi 5. Ukikosa, watengeneza sabuni wanayo kostiki soda, nayo inafanya kazi ikiwa nyepesi hivyohivyo. Inaunguza ngozi na macho, vaa glavu na miwani, na siku zote tia dawa kwenye maji taratibu, usimwage maji juu ya dawa.
- Melzer, ambayo ni ayodini iliyochanganywa na klorali hidrati. Klorali hidrati ni ngumu kupata kwa sababu inadhibitiwa, kwa hiyo wengi wetu tunatumia Lugoli ya maabara, ile ayodini uliyopimia wanga kwenye kiazi sekondari. Jibu la Lugoli ni hafifu kidogo lakini linaonekana.
- Kongo redi ya kupaka nyuzi rangi ili zionekane. Ukiikosa, eosini ya maabara inasaidia kiasi.

Majina ya viungo nitakayotumia: kofia, shina, pete (ile sketi kwenye shina), kikombe (mfuko unaobaki chini ya shina), matamvua (vile vipande vyembamba vilivyopangana chini ya kofia kama kurasa), na spora, ambazo ndo mbegu zake, huzioni kwa macho moja moja.

Hatua ya 1: Chimba, usikate

Kosa namba moja la wote wanaoanza ni kuung'oa juu kama unachuma mchicha. Chini ndiko kwenye habari. Kikombe cha Amanita (kundi lenye wale wanaoua) kinabaki udongoni, mzizi mrefu wa uyoga wa mchwa unakatika, unabaki na kofia na shina la kawaida halafu ufunguo (yale maswali ya kukufikisha kwenye jina, tutayafikia hatua ya 10) unakuuliza "je, kuna kikombe?" na huna jibu. Kwa hiyo zungushia kisu, nyanyua na bonge la udongo, alafu ulisafishe taratibu.

Chukua mdogo ambao haujafunguka, wa kati, na uliokomaa. Mmoja hautoshi. Matamvua ya mdogo ni meupe kwa uyoga mwingi wa kundi hili, rangi ya kweli inakuja na uzee.

Piga picha kabla ya kuung'oa: juu, ubavuni, na chini ya kofia. Piga na mazingira pia. Upo kwenye kinyesi cha ng'ombe au kwenye nyasi tu? Kuna kichuguu karibu? Unaota kwa duara? Kuna mti ndani ya mita kumi? Hili la mti wanalisahau sana, uyoga uliopo "kwenye nyasi" unaweza kuwa umeshikana na mizizi ya mti ulio pembeni.

Hatua ya 2: Andika ukiwa mbichi

Hapa watu wanakuwa wavivu kwa sababu hadubini inawasubiri, nawaelewa, hata mimi. Lakini uyoga ukikauka harufu imekwenda, rangi imekwenda, pete imeanguka. Andika: upana wa kofia kwa sentimita, urefu na unene wa shina, magamba yapo na rangi gani, pete inateleza juu chini au imeganda, matamvua yameshika shina au yameacha nafasi. Pasua mmoja katikati kwa urefu, subiri dakika tano uangalie nyama inageuka rangi gani. Kwaruza kofia na chini kabisa ya shina. Kuna Agaricus (hilo ni jina la kundi la uyoga) ikikwaruzwa chini ya shina inakuwa njano kali na inanuka kama dawa ya hospitali, na hiyo inaumiza tumbo.

Wa shemeji: kofia sm 19, nyeupe, katikati bonge la kahawia na magamba ya kahawia yametawanyika, shina laini jeupe lisilo na michoro, pete nene inayoteleza, matamvua hayajashika shina, ya mdogo meupe, ya mkubwa yana kama uvuli wa kijivu. Huo uvuli alisema ni uchafu.

Hatua ya 3: Lala na karatasi

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na haihitaji hadubini. Kata shina, laza kofia iliyokomaa matamvua yaangalie chini, nusu juu ya karatasi nyeupe nusu juu ya nyeusi, weka na kipande cha kioo au slaidi hapo katikati. Dondoshea tone moja la maji juu ya kofia, funika na bakuli, nenda kalale. Masaa manne yanaweza kutosha, usiku mzima ni uhakika zaidi.

Asubuhi angalia rangi mchana, kwa mwanga wa dirishani, sio kwa taa ya njano:

- nyeupe au maziwa
- waridi, kama nyama ya samaki iliyopauka
- kahawia ya kutu
- kahawia ya chokoleti
- nyeusi
- kijani, kama majani makavu ya chai ya kijani

Mbili watu wanazozichanganya ni nyeupe na waridi, maana waridi kidogo sana inaonekana nyeupe. Kwangua spora kwa wembe uzikusanye ziwe lundo dogo, rangi inatokea. Na usiseme "matamvua ni meupe kwa hiyo spora ni nyeupe", hivyo ni vitu viwili tofauti, ndipo shemeji alipokwamia.

Hii slaidi yenye vumbi itunze kama hela. Spora zilizodondoka zenyewe zimekomaa. Ukizipima kutoka kwenye tamvua lililokatwa unachanganya watoto na wazima, vipimo vyako vinakuwa vidogo kuliko vya kitabu, alafu unaanza kulaumu kitabu.

Hatua ya 4: Kausha zilizobaki

Pasua vipande, kausha kwenye joto la nyuzi 40 hadi 45 na hewa ipite, mpaka vivunjike kama chipsi. Usiweke juani kwenye bati ukaondoka, na usipike kwenye oveni. Weka kwenye bahasha, andika tarehe, mahali, rangi ya spora. Bila maelezo hayo, ndani ya miezi mitatu una bahasha ya takataka.

Hatua ya 5: Sawazisha rula ya hadubini

Mara moja tu kwa kila lenzi, na usipofanya vipimo vyako vyote ni hadithi. Weka ile slaidi ya kusawazishia, panga mistari yake na mistari ya rula ya kwenye jicho. Tuseme kwenye lenzi ya 40 vigawanyo 40 vya jicho vinalingana na vigawanyo 10 vya slaidi. Vigawanyo 10 vya slaidi ni maikroni 100. Gawa 100 kwa 40 unapata 2.5. Maana yake kwenye lenzi hiyo kila mstari mmoja wa jicho ni maikroni 2.5. Rudia kwenye lenzi ya 100, mara nyingi inaangukia karibu na 1. Andika kwenye karatasi ubandike ubavuni mwa hadubini.

Anayefanya kazi maabara ya hospitali ana njia ya haraka ya kujihakikishia: chembe nyekundu ya damu ni kama maikroni 7 hadi 8. Ukipima ukapata 15 basi hesabu imekwenda vibaya.

Hatua ya 6: Slaidi tatu za spora

Chota vumbi kidogo sana kwa ncha ya sindano. Kidogo kabisa, ukiona doa kwa macho tayari umezidisha.

*Slaidi ya maji.* Hapa unaona rangi halisi ya spora. Anza lenzi ya 10, tafuta, nenda 40, alafu 100 na tone la mafuta. Angalia umbo (yai, duara, mlozi, yenye kona), ukuta ni mwembamba au mnene, uso ni laini au una chunusi, na ncha ya juu. Ncha ina maneno mengi: spora nyingine zina kitundu cha kuotea, ncha inaonekana imekatwa bapa kama yai lililogongwa kichwani. Upande wa pili kuna kinundu kidogo cha pembeni ambapo spora ilikuwa imeshikwa. Usivichanganye hivi viwili, kitundu kiko juu, kinundu kiko chini.

*Slaidi ya KOH.* Inasafisha picha, lakini inaweza kuvimbisha na kubadili rangi, kwa hiyo vipimo andika ulipimia kwenye nini.

*Slaidi ya Melzer au Lugoli.* Subiri dakika chache, angalia. Zikigeuka bluu-nyeusi kama wanga wa kiazi tunaita amiloidi. Zikigeuka kahawia nyekundu kama kutu tunaita dekstrinoidi. Zikibaki njano njano ya dawa yenyewe, hakuna jibu, na hilo nalo ni jibu, liandike. Tahadhari: usitie ayodini juu ya slaidi yenye KOH, inachafuka mawingu na rangi inapotea. Slaidi mpya, kila mara.

Hatua ya 7: Pima spora 30

Tatu hazitoshi, na "zile zilizoonekana nzuri" hazifai. Pima kila inayokuja mbele yako ikiwa imelala ubavu vizuri, urefu bila kuhesabu kinundu, na upana. Andika jozi jozi. Ukimaliza unatafuta ndogo kabisa, kubwa kabisa, wastani, na Q, ambayo ni urefu gawa kwa upana. Q ya 1 ni duara, 1.5 ni yai, 2 na kuendelea ni ndefu.

Za shemeji zilikuja hivi: urefu 9 hadi 11.5, upana 6.5 hadi 8, wastani 10.2 kwa 7.1, Q kama 1.44. Laini, ukuta mnene, ncha imekatwa bapa, kwenye ayodini zikawa rangi ya kutu. Nilikaa nazo saa nzima na nusu huku yeye anauliza kama uyoga bado utafaa kesho.

Hatua ya 8: Ukingo wa tamvua

Hapa ndo wengi wanaachia njia, na sio pagumu hivyo. Chukua tamvua moja, kata kwa wembe kile kiukingo cha chini kabisa, upana kama wa uzi. Laza kwenye tone la KOH na Kongo redi kidogo, funika, gonga taratibu kwa kifutio cha penseli mpaka kipande kitawanyike. Gonga, usisage. Kama sampuli ni kavu iloweke kwanza kwenye spiriti dakika moja alafu ndo KOH.

Unatafuta vitu viwili. Kwanza basidia, vijiti vinene vyenye pembe kichwani, kawaida nne, ambazo spora zinakaa juu yake. Hesabu pembe, maana kuna uyoga una mbili tu na ufunguo utauliza. Pili sistidia, seli kubwa za ajabu ajabu kati ya basidia, hazina pembe, zina maumbo kama rungu, chupa, puto, sindano. Zichore. Mchoro mbaya ni bora kuliko kumbukumbu nzuri. Za uyoga wa shemeji zilikuwa rungu na puto, nyingi, zimejaa ukingoni mpaka basidia hazionekani.

Kosa la kawaida: mtu anaona basidia changa ambayo haijaota pembe anaiita sistidia. Kama kitu kinafanana na majirani zake wote na hakijatokeza, hiyo ni basidia changa.

Hatua ya 9: Vifundo kwenye nyuzi

Mwili wote wa uyoga ni nyuzi. Kwenye maungio ya nyuzi, aina nyingine zina kifundo, kama mpini wa kikombe uliobandikwa pembeni. Angalia chini ya basidia kwanza, hapo ndo vinaonekana vizuri. Kukiona kimoja kwa uhakika umemaliza. Kusema HAVIPO ndo kazi, inabidi uangalie maungio mengi sana, kwa hiyo kama umeangalia matano andika "sijaviona", usiandike "havipo". Kwenye uyoga wa shemeji sikuona hata kimoja na nilitafuta sana.

Kuna pia mpangilio wa nyuzi ndani ya tamvua na ngozi ya kofia. Kwa anayeanza ruka, utarudi huko ufunguo ukikulazimisha.

Hatua ya 10: Ingia kwenye ufunguo

Ufunguo ni maswali mawili mawili, unachagua moja, linakupeleka kwenye namba nyingine. Kazi kubwa ya Afrika Mashariki yetu bado ni ile ya David Pegler wa Kew, ile bustani ya mimea ya Uingereza, ya 1977, inahusu uyoga wenye matamvua wa Kenya, Uganda na Tanzania. Ni ya Kiingereza kizito na majina mengi yamebadilika tangu hapo, kwa hiyo ukipata jina lihakiki kwenye Index Fungorum au MycoBank, orodha za majina ya uyoga mtandaoni, uone linaitwaje siku hizi.

Ili usizame siku ya kwanza, mimi huwaanzishia watu na hiki kidogo changu, cha uyoga wa kawaida wa kwenye nyasi. Kinakufikisha kwenye kundi, hakimalizi safari:

1a. Spora kwenye karatasi ni kijani → *Chlorophyllum molybdites*
1b. Rangi nyingine → 2

2a. Chokoleti au nyeusi → 3
2b. Waridi → 4
2c. Nyeupe au maziwa → 6
2d. Kahawia ya kutu → hapa simama, nenda ufunguo mkubwa

3a. Pete ipo, matamvua hayajashika shina, spora chokoleti → Agaricus
3b. Shina jembamba refu, pete hamna, matamvua yana madoadoa, mara nyingi kwenye kinyesi, spora nyeusi zenye kitundu → Panaeolus
3c. Matamvua yanayeyuka kuwa wino → kundi la Coprinus na ndugu zake

4a. Kikombe kipo chini, pete hamna → Volvariella au Volvopluteus
4b. Kikombe hamna → 5

5a. Spora laini, shina linaendelea chini kama mzizi mrefu kuelekea kwenye mchwa, au ni vidogo vingi mno vimetapakaa kwenye udongo wa mchwa → Termitomyces
5b. Spora zina kona kona → Entoloma

6a. Spora dekstrinoidi → 7
6b. Spora sio dekstrinoidi → angalia kikombe au mabaki yake; kama yapo fikiria Amanita na nawa mikono; kama hayapo na uyoga ni mdogo mgumu kama ngozi, fikiria Marasmius

7a. Spora kubwa, nyingi zinafika maikroni 12 na kupita, vifundo vipo → Macrolepiota
7b. Spora ndogo, karibu 7 hadi 9, vifundo hamna → Leucoagaricus
7c. Katikati hapo, haieleweki → rudi kwenye karatasi, pengine spora zako "nyeupe" ni Chlorophyllum ambayo haijakomaa

Sasa mpitishe wa shemeji. 1a, kijani, mwisho. Rahisi mno eeh? Ndo maana sikuishia hapo. Ufunguo ukikupa jina, nenda kwenye maelezo kamili ya hilo jina usome kila mstari ukilinganisha na daftari lako: spora zenye ncha bapa ndio, dekstrinoidi ndio, ukubwa umeangukia ndani, sistidia za rungu ndio, vifundo hamna ndio, pete inateleza ndio, shina lisilo na michoro ndio. Mistari saba inakubaliana. Hapo ndo nikamwambia shemeji huu ni *Chlorophyllum molybdites*, unatapisha na kuharisha vibaya, kawaida ndani ya saa moja hadi tatu, na ndo uyoga unaopenda bustani na viwanja kote kwenye nchi za joto. Aliuchanganya na Macrolepiota, ambayo inaliwa, na kwa juu hata mimi ningechanganya.

Sheria zangu za ufunguo: soma pande ZOTE mbili kabla ya kuchagua, hata kama ya kwanza imekupendeza. Usianze na jina unalolitaka ukatafuta njia ya kufika kwake, hiyo ni kudanganya mtihani wako mwenyewe. Swali usiloweza kujibu, fuata njia zote mbili uone ipi inagonga ukuta. Na kuishia kwenye kundi tu sio aibu, "Agaricus sp." (yaani kundi unalijua, aina hujui) iliyo kweli ni bora kuliko jina zima la uongo. Kuna makundi, Agaricus wa Afrika wakiwemo, ambayo hata wataalamu hawayamalizi bila DNA.

Kama kuna mtu AMESHAKULA, weka hadubini pembeni. Peleka mtu hospitali na mabaki ya uyoga, mabichi au hata yaliyopikwa, kwenye karatasi. Na msijipe moyo kwamba masaa sita yamepita bila shida: sumu ya Amanita wauaji inachelewa, mara nyingi masaa 6 hadi 12 au zaidi, na kupika hakuiondoi.

Mambo yakigoma

*Karatasi haina kitu asubuhi.* Kofia ilikuwa changa, au ilikauka, au mvua iliinyeshea siku nyingi. Jaribu nyingine, ongeza tone la maji, subiri masaa 24. Ikishindikana kabisa angalia sehemu ya juu ya shina na juu ya pete, spora huwa zinadondokea hapo zenyewe.

*Lenzi ya 40 haitulii, ukungu tu.* Umegeuza slaidi chini juu, au umesahau kioo cha kufunikia, au juzi ulitumia mafuta ukarudi kwenye 40 ikajipaka. Hili la tatu ndo mara nyingi. Futa kwa karatasi ya lenzi, sio kwa shati. Na KOH isiguse lenzi kabisa.

*Maduara meusi yenye ukingo mnene yanafanana yote.* Hayo ni mapovu ya hewa bana. Kila mtu amewahi kuyapima, mimi niliyapima kumi na mbili. Shusha kioo kwa kuinamisha upande mmoja kwanza.

*Spora za aina mbili kwenye slaidi moja.* Uyoga wa jirani umedondoshea wako ndani ya mfuko, au kuna ukungu umeota. Amini zile zilizo nyingi na zinazofanana na rangi ya karatasi. Safari ijayo funga kila uyoga peke yake.

*Ayodini haijibu chochote.* Ijaribu kwenye kiazi au ugali. Isipokuwa bluu-nyeusi dawa imekufa.

*Ufunguo umekupeleka kwenye kitu cha ajabu, mfano uyoga wa kwenye magogo wakati wako ulikuwa uwanjani.* Rudi nyuma hatua moja moja. Kwa uzoefu wangu kosa liko kwenye rangi ya spora, au kwenye matamvua kushika shina au kutoshika. Mara chache sana liko kwenye vipimo.

*Sampuli kavu imekuwa unga kwenye bahasha.* Vijidudu. Kabla ya kuhifadhi weka bahasha kwenye mfuko uliofungwa, iache kwenye friza wiki moja, itoe, iache ipate joto la chumba kabla hujafungua ili isiingie unyevu. Mwambie na wa nyumbani ni nini. Shemeji aliikuta yangu, akaniuliza kama sasa ule wa kijani ndo nimeamua kuula mwenyewe.